Mizigo ya Tuamzigo

Najiat binti Mustafa alizaliwa Isevya, mjini Tabora, na alipoolewa hakuhamia mbali: kutoka kwa baba yake hadi kwa mumewe hata muwa huumalizi kuutafuna. Mume, Adinani, huchomelea mageti na madirisha. Najiat ni mtu wa maabara katika zahanati moja ndogo ya mjini, na hata usingeambiwa kazi yake ungeikisia kwa tabia. Mgonjwa akija na kusema, "Dada, hii ni malaria, mwili wangu naujua," Najiat humwitikia kwa upole, "Pole sana, baba," kisha humtoboa kidole. Wapo waliomnunia kwa hilo. Yeye hawanunii. Husema mwili na mwenye mwili ni mashahidi wawili, na haifai mmoja amsemee mwenzake.

Kwa tabia hiyohiyo aliingia kwenye kamusi elezo. Ni ile ya mtandaoni isiyo na mwenyewe: yeyote anaweza kufungua ukurasa, akaandika, akasahihisha alichoandika mwenzake. Najiat alianza siku alipotafuta habari za mji wake kwa Kiswahili akakuta mistari michache mitupu, mmoja una kosa. Akalisahihisha. Kusahihisha makosa ni kama kula karanga. Ukianza hujui utaachia wapi. Miaka ikapita akiandika habari za kata za manispaa, Itetemia na nyinginezo, za reli, za asali, za misitu ya miombo. Wahariri wenzake, watu asiowaona kwa macho, wakamjua kwa jina la Binti Mustafa, na wakamjua zaidi kwa ukali wake juu ya vyanzo.

Maana sharti la kamusi ile ni kwamba jambo halisimami kwa kuwa wewe moyoni unaliamini. Linasimama kwa kuwa kuna chanzo cha kuegemea, kitabu au utafiti au gazeti linalojiheshimu, ambacho msomaji mwingine anaweza kukiendea akakikuta. "Nimesikia" haipiti. "Kila mtu anajua" haipiti. Hata "nimeona kwa macho yangu" haipiti, na hiyo ya mwisho ndiyo inayowauma wengi.

Mwaka jana, kiangazi, alikutana na ukurasa wa Tuamzigo.

Ulikuwa mfupi. Ulisema kwamba kwenye njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji, palikuwa na kituo porini karibu na Usinge kiitwacho Tuamzigo. "Kwa mujibu wa wenyeji," ukurasa ulieleza, "msafara wa wapagazi wapatao sitini waliobeba pembe za ndovu ulitua mizigo hapo ili upumzike. Asubuhi mizigo ilikutwa imepangwa mstari mmoja, haukupungua hata mmoja, na wapagazi hawakuonekana tena." Mwishoni ukaongeza kuwa hadi leo, jua likiwa utosini, husikika mizigo ikituliwa.

Chini palikuwa na tanbihi tatu, na mtu wa haraka angeridhika. Najiat akaanza na ya kwanza, makala ya gazeti moja la kila wiki kuhusu utalii wa magharibi. Mwandishi alisimulia kisa vizuri, akataja alikokipata: blogu ya msafiri fulani, ambayo ndiyo ilikuwa tanbihi ya pili. Akaiendea blogu. Msafiri aliandika bila kuficha kwamba habari hizo alizisoma kwenye kamusi elezo. Tanbihi ya tatu ilikuwa kipeperushi cha tamasha la utamaduni, kimelinakili gazeti neno kwa neno.

Akafungua historia ya ukurasa, pale panapohifadhiwa kila badiliko na tarehe yake. Ukurasa ulianzishwa mwezi Septemba, miaka minane nyuma, na mtu asiyejiandikisha, asiyetaja chanzo chochote, ambaye hakurudi tena kuandika lolote. Blogu ilikuja baada yake, gazeti baada ya blogu, kipeperushi baada ya gazeti, na kila kimoja kilipozaliwa kililetwa kwenye ukurasa kiwe shahidi wake. Ng'ombe akicheua, wewe uliye mbali utadhani anakula majani mapya.

Najiat akapendekeza ukurasa ufutwe.

Jioni ileile Emilian akampigia simu. Emilian ni mwalimu wa sekondari Nzega, na katika kamusi ile ni mkabidhi, yaani mmoja wa wachache wenye ruhusa ya kufuta kurasa.

"Binti Mustafa, habari za Tabora?"

"Njema, mwalimu. Umeliona pendekezo langu."

"Nimeliona, na hoja yako haina tundu. Lakini nikuulize kitu. Babu zetu walibeba pembe kutoka huku mpaka pwani. Wengine walifia njiani. Nani aliwaandika? Waliandikwa na wageni waliobebewa mizigo hiyo. Sasa tukisema kisichoandikwa hakipo, si tutabaki na habari za wageni tu?"

Babu wa babu yake Najiat alikuwa mpagazi, na kilichobaki kwake ni jina peke yake.

"Sisemi kisichoandikwa hakipo," akasema. "Nasema hiki kimeandikwa mara nne na hakijasemwa na mtu hata mara moja. Nionyeshe mzee aliyesimuliwa na mama yake. Watu wa chuo wamsikilize, wachapishe, ukurasa nitaurudisha kwa mkono wangu mwenyewe."

"Basi kamtafute huyo mzee. Uko karibu na Usinge kuliko mimi."

"Nitamtafuta."

Pale zahanatini alikuwapo muuguzi aitwaye Recheli, mzaliwa wa Usinge, na kaka yake Benjamini alikuwa bado anaishi huko, mkulima na mrina asali. Recheli akapiga simu, mambo yakapangwa. Adinani alipoelezwa safari alimgeukia mkewe.

"Yaani unakwenda mpaka Usinge kutafuta kitu ili ukifute?"

"Au nisikifute, nikikipata."

"Haya," akasema Adinani. "Wenzio wanafuga njiwa."

Najiat akapanda basi la Kaliua, akapita Urambo, na kutoka Kaliua akapata gari jingine hadi Usinge. Benjamini alimpokea na pikipiki. Alikuwa mtu wa makamo, Mmoravian mwenye sauti ya chini, wa kusema neno moja pale wengine wanaposema kumi.

"Tuamzigo napajua," akasema. "Nilikuwa na mizinga kule."

"Ulikuwa nayo?"

"Nyuki wamehama."

Kwanza alimpeleka kwa Masele, mwenye duka la pembejeo, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni wanaoulizia mahali pale. Masele alikuwa Msukuma aliyehamia kutafuta mashamba, mchangamfu, mwenye mkono mpana wa kusalimia. Alimpa Najiat kiti na soda, akakohoa kidogo, akaanza.

"Kwa mujibu wa wenyeji, msafara wa wapagazi wapatao sitini waliobeba pembe za ndovu ulitua mizigo hapo ili upumzike..."

Najiat alisikia nywele za shingo zikisimama chini ya mtandio. Masele aliendelea hadi mwisho bila kukosea neno, macho yake yakitazama juu kidogo ya kichwa cha mgeni, na sauti yake ile ya uchangamfu ikawa imetoka kabisa. Alipomaliza ikamrudia.

"Kaka Masele," Najiat akamwuliza, "hao wenyeji ni akina nani?"

"Wenyeji? Si sisi hapa!"

"Nani alikusimulia wewe?"

Masele akatazama mlangoni, akamtazama Benjamini, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Mbona ni jambo linajulikana," akasema mwishowe, naye akaomba radhi kwamba kuna mteja, ingawa hapakuwa na mteja.

Kutoka hapo walikwenda kwa Bibi Apolinaria, mjane Mkatoliki aliyezaliwa palepale Usinge. Walimkuta uani akikata viazi vya kuanika michembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Najiat alimweleza kilichomleta bila kumtajia kisa chenyewe, maana shahidi hatiliwi maneno mdomoni. Alimwuliza tu kama utotoni mwake alikujua porini mahali paitwapo Tuamzigo.

"Baba yangu alirina asali pori lile lote," bibi akasema, "nami nilimfuata kuokota uyoga. Kila kijito kilikuwa na jina, kila kichuguu kikubwa kilikuwa na jina. Nikikutajia utachoka. Tuamzigo haikuwemo."

Najiat akashusha pumzi. "Kwa hiyo ni uongo."

"Sijasema ni uongo. Nimesema haikuwemo." Kisu kikasimama kwenye kiazi. "Mimi niliwasikia mwaka ule upepo ulipoezua paa la kigango chetu. Nilikwenda kuokota kuni. Jua liko hapa, utosini. Nikasikia watu wanatua mizigo, huyu akitua na wa nyuma yake anatua. Nikadhani wachoma mkaa. Nikapiga hodi. Kimya. Nikajikusanyia kuni zangu nikarudi, sikumwambia mtu, wangesema bibi kazeeka. Wageni wanaouliza walianza kuja baadaye sana. Hilo jina walikuja nalo wao."

"Na kabla ya siku ile, hakuna aliyekusimulia kisa cha wapagazi?"

"Nani wa kunisimulia? Wa kunisimulia wote nilishawazika."

Najiat alimshukuru, akaaga. Walipofika penye pikipiki akamwuliza Benjamini paa la kigango liliezuliwa lini.

"Miaka minane sasa. Mwezi wa tisa, mvua hazijaanza. Hata sisi Wamoravian tulikwenda kuwasaidia kuezeka. Nakumbuka kwa sababu mtoto wangu wa mwisho alizaliwa wiki hiyo."

"Mtandao ulikuwepo huku?"

Benjamini akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mwaka ule? Kupiga simu tu tulipanda juu ya kichuguu."

Najiat hakucheka. Septemba, miaka minane nyuma. Mwezi ambao mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana, aliketi akaandika ukurasa wa Tuamzigo, bibi huyu alisikia mizigo porini. Alijiambia yale ambayo angemwambia mtu mwingine: kumbukumbu huteleza, mtu husikia kisa kwanza na sauti baadaye, kisha akilini vikabadilishana nafasi. Ilikuwa hoja nzuri. Aliirudia moyoni njia nzima, pikipiki ikipita kwenye mchanga, na kila alipoirudia ilizidi kuwa nyepesi.

Waliiacha pikipiki njia ilipokwisha, wakaingia kwa miguu. Ulikuwa msimu ambao miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, na pori zima lilikuwa na rangi ya kutu. Mizinga ya Benjamini ilikuwa ingali juu ya miti, magome yake yamekauka na kupasuka. Hapakuwa na mvumo wa nyuki wala ndege, na nyenje wanaopiga kelele kwenye miombo yote nyakati hizo, pale hawakuwapo. Vivuli vilikuwa vimeingia chini ya miguu yao wenyewe.

"Ni hapa?" Najiat akauliza, na sauti yake ikamshtua.

"Ni hapa."

Palikuwa uwazi wa kawaida, nyasi fupi na kisiki. Waliketi wakanywa maji. Najiat alikuwa amekwisha kuanza kupanga atakavyomwambia Emilian, kwamba ni pori tu kama pori jingine, ndipo aliposikia.

Pu.

Ilitoka mbali, upande wa mashariki, upande wa Tabora. Kitu kizito kimewekwa chini na mtu aliyekuwa amechoka. Halafu kingine, karibu zaidi kidogo. Halafu kingine. Sauti zilikuja kwa mpangilio, kama watu waliofika kwa mstari mmoja na kila mmoja anatua pale alipo, na Najiat alizihisi kwenye nyayo kabla ya masikio. Majani hayakutikisika. Nyasi hazikulala. Kilichomtisha zaidi si sauti hizo, ni ile iliyokosekana. Mtu akitua mzigo huhema. Hata mbeba viroba sokoni husema "aah", hutema mate, hulaani njia. Hapa hakuna aliyehema. Mizigo ilikuja hadi mbele yao, wa mwisho ukatua karibu sana, mahali ambapo angeunyosha mkono wake angegusa, na baada ya huo hapakuwa na kitu.

Benjamini alikuwa amevua kofia. Alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Toa simu, dada. Rekodi. Wakuamini."

Simu ilikuwa tayari mkononi. Hakujua ameitoa saa ngapi. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Na hapo, katikati ya woga wake, akaona jambo kwa uwazi kama anavyoona kijidudu chini ya hadubini. Sauti ile ikirekodiwa itawekwa mtandaoni. Ikiwekwa mtandaoni itatajwa. Ikitajwa itakuwa chanzo, na Tuamzigo itapata mguu wa kwanza wa kweli wa kusimamia. Kitu hiki kilikuwa kimezunguka miaka minane kikiomba ushahidi kwa waandishi wazembe, na sasa kilikuwa kimesimama mbele yake yeye, aliye mgumu kuliko wote, kikingoja.

Akairudisha simu mfukoni.

"Tuondoke, kaka Benjamini."

Hawakukimbia. Walitembea kama watu watokao msibani, na nyuma yao hapakusikika kitu chochote, na hilo ndilo lililowafanya wasigeuke.

Najiat aliporudi Tabora, Emilian alimwuliza kwa simu alichokipata.

"Nimepata watu wawili. Mmoja anasimulia ukurasa wetu neno kwa neno. Mwingine anasema utotoni mwake jina hilo halikuwepo."

"Na mahali penyewe? Hukuona kitu?"

"Sikuona kitu, mwalimu."

Ilikuwa kweli, na aliisema kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Hoja zikajadiliwa, hakuna aliyeleta chanzo kingine, Emilian akaufuta ukurasa. Najiat akarudi kwenye mambo yake. Adinani alimwona amekuwa mtu wa kushtuka mtu akiweka ndoo chini, akamwuliza mara moja, akajibiwa ni uchovu, akawa hakuuliza tena ila ndoo alianza kuziweka polepole.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha, ukurasa ukaandikwa upya. Mwandishi alikuwa mwingine, asiyejiandikisha vilevile. Safari hii kulikuwa na tanbihi mpya, ile blogu ya msafiri iliyoongezewa habari. Najiat aliisoma akiwa maabara, mchana kweupe, foleni ya wagonjwa ikisikika nje ya mlango. "Kisa hiki sasa kimethibitishwa," blogu iliandika. "Mtafiti mwanamke kutoka Tabora alifika Tuamzigo akasikia mizigo kwa masikio yake. Alitoa simu ili arekodi, kisha akairudisha mfukoni."

Alisoma sentensi ya mwisho tena. Akampigia Benjamini.

"Kaka, yale ya simu ulimwambia nani?"

"Yapi?"

"Kwamba niliitoa nikairudisha."

Upande wa pili kuku walikuwa wakilia. "Dada Najiat, mimi habari za siku ile sijamwambia hata mke wangu. Masele alituona tukirudi, basi. Hakuuliza."

Najiat alimwamini, na ingekuwa nafuu kama angemshuku.

Jioni Emilian akapiga. Hakusalimia sana.

"Nimeona ukurasa umerudi. Huyo mtafiti mwanamke, unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni mwongo?"

"Hapana. Alisikia alichosikia." Najiat alikuwa ameketi kitandani, mlango wa uani wazi, Adinani akipanga vyuma vyake kwa utaratibu kule nje. "Lakini alikwenda kule akiwa ameshausoma ukurasa wetu, mwalimu. Alijua saa gani asikilize na asikilize nini. Shahidi wa namna hiyo mimi simpokei, awe nani. Nimeandika hivyo kwenye majadiliano na nimetia jina langu."

Emilian akasema kwa sauti nyingine, isiyo ya mkabidhi, "Tuiache kamusi kando kidogo. Kama rafiki yako. Ulisikia?"

"Tukiiacha kamusi kando, ndiyo. Nilisikia."

"Na yule bibi?"

"Yule bibi hakuwa amesoma kitu. Huyo ndiye simpatii jibu."

Huko Nzega Emilian alisikika akivuta kiti. "Kwa hiyo niufute?"

"Ufute."

Akaufuta. Bibi Apolinaria, kwa habari alizoleta Recheli, amehamia kwa mwanawe Kaliua na hataki kuulizwa chochote kuhusu pori. Najiat anaandika habari za misitu ya hifadhi, kwa takwimu na tafiti zilizochapishwa, na wahariri wapya wanalalamika kwamba ni mgumu kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kumwita mgonjwa wa kwanza, huandika lile jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Kamusi humjibu kwamba ukurasa huo haupo. Huyasoma maneno hayo yote mpaka mwisho, kisha huvaa glavu.